Mkono Uliobanguliwa

Mwezi uliopita nilikwenda Kilwa Masoko kuandikisha kitambulisho upya, maana kile cha kwanza kilipotea pamoja na mkoba. Kijana aliyekaa kwenye mashine ya kusoma vidole alinipokea vizuri. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaniambia niweke vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo. Taa ikawaka kijani. "Sasa wa kushoto, bibi." Nikaweka. Taa ikawaka nyekundu.

"Kandamiza kidogo."

Nikakandamiza. Nyekundu. Akanifuta vidole kwa kitambaa, akajaribu kimoja kimoja. Mwisho akaushika mkono wangu na kuugeuza kuelekea dirishani, kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Bibi, vidole hivi havina mistari. Laini kama sabuni. Ilikuwaje?"

"Niliungua na korosho, mjukuu wangu."

"Vyote vitano?"

"Vyote vitano, na kiganja."

Mama mmoja kwenye foleni akadakia kwamba korosho haina mchezo, hata yeye ana kovu lake. Kijana akaandika maneno machache, akanipitisha kwa mkono mmoja. Jibu nililompa lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili sijawahi kuisimulia mbele ya foleni ya watu. Wewe umeketi na muda unao, basi nitakueleza, na pale utakapoona nimekwenda haraka, nivumilie, nitarudi nyuma.

Kijiji chetu kilikuwa bara ya Kilwa, upande wa Mitole. Kilikuwa kipya kabisa. Kabla yake kila ukoo ulikaa kwenye mashamba yake, nyumba mbili hapa, tatu kule, moshi wa jirani ukiuona kwa mbali. Ulipofika wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa tukapangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, kama watoto wa shule. Mikorosho yetu ilibaki kule tulikotoka, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na bibi, mama yake mama.

Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoangukia majani makavu, tamu na kali pamoja, harufu inayokupanda kichwani kabla hujala. Naisikia ringi ya gari iliyotundikwa mtini kuwa kengele ya shule. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka huku tukiimba, miguu ikitimua vumbi jekundu, na tumboni hamna kitu ila muhogo wa kuchemsha wa jana. Jioni bibi alikaanga ng'onda, samaki wakavu wa kutoka pwani, akaniita kutoka kokote nilikokuwa. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kike. "Mke mwenzangu, ugali unapoa, mume wetu hayupo, tule wenyewe." Mume wetu, yaani babu, alikuwa amekufa zamani.

Ilikuwa raha. Ni lazima uliamini hilo, kwa sababu yanayofuata yote ni kipigo.

Nilizaliwa na mashoto. Ngoja nikueleze jambo hili la mikono, maana ukilikosa hili utawaona watu wangu kuwa wabaya kuliko walivyokuwa. Kwetu tulikula kwenye sinia moja, wanawake na watoto wao, mikono sita au saba ikikutana kwenye bonge moja la ugali. Tulioga kwa kata, tukajisafisha kwa maji, si kwa karatasi. Mkono wa kushoto ndio uliopewa kazi ya chooni. Kwa hiyo mkono ule ulipokuja kwenye sinia, watu hawakuona kidole cha mtoto, waliona choo. Bibi alikuwa na usemi wake: "Kulia kwa watu, kushoto kwa choo." Alinifundisha usemi huo kwa mwiko. Mkono wangu ukifika tu ukingoni mwa sinia, mwiko umeshatua juu ya vifundo, na yeye anaendelea kutafuna kana kwamba amefukuza nzi.

Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alitueleza kwamba shetani hula kwa mkono wa kushoto, akaufunga wangu kiunoni kwa ukili wa mikeka ili usijisahau. Nikasoma juzuu nzima nimefungwa hivyo. Shuleni hakukuwa na ukili, kulikuwa na bakora. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyetoka chuo cha ualimu karibuni tu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ukali wa kisu. Nikishika chaki kwa kushoto, nachapwa kushoto. Nikiandika kwa kulia, maandishi yanalala kama nyasi zilizokanyagwa, nachapwa kwa uchafu wa maandishi. Wenzangu walinitungia wimbo wa kunikimbiza nao njiani: "Shoto, shoto, mgeni wa choo, mkono wako unanuka hoo." Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa binti wa jirani yetu, rika langu. Siku hiyohiyo jioni tulikuwa tunaruka kamba pamoja. Watoto ndivyo walivyo.

Siku iliyoharibu kila kitu tulikuwa kwenye shamba la kijiji. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na shule nzima ilitolewa kulima, maana tuliambiwa kuna kiongozi anakuja kuliona shamba. Mwalimu alitaka mstari ulionyooka. Sasa, kama hujawahi kulima kwa mstari, fikiria hivi: wanaotumia kulia wote hunyanyua jembe upande mmoja na kulishusha upande mmoja, kwa hiyo wanaweza kusimama bega kwa bega na wasigusane. Mwenye mashoto akiwa katikati yao, jembe lake linakwenda kinyume, na jirani yake hana budi kuruka. Mwalimu aliliona hilo. Akanijia, akanibandua vidole kwenye mpini, akaigeuza mikono yangu yote miwili. "Hivyo. Kama wenzako. Ukibadilisha utaniona."

Sikubadilisha. Nililima kwa mikono iliyogeuzwa kuanzia asubuhi hadi jua lilipokaa utosini, na jembe lilikuwa la mtu mzima. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kinateleza kwa jasho. Nilinyanyua, nikashusha, mpini ukazunguka mkononi, jembe likaenda pembeni. Upande ule alisimama binti wa jirani.

Sikusikia kelele kwanza. Niliona vidole viwili vya mguu wake vimekaa vibaya, halafu nikaona damu ikiingia kwenye udongo mbichi, udongo unaimeza, nyingine inakuja. Ndipo akapiga yowe. Kidole kidogo kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi tu, na hakikupona.

"Shoto amemkata!" mtoto mmoja akasema, na mstari mzima ukalibeba neno hilo. Ni mkono ule. Si tulisema. Mkono ule una shetani.

"Mwalimu, nilishika kwa kulia," nikasema. "Wewe mwenyewe ulinishikisha."

Kwa jibu hilo nilichapwa zaidi kuliko kwa mguu. Alinilaza juu ya tuta nililolima mwenyewe, na bakora ilipokatika akaomba mpini wa jembe. Nakumbuka udongo mdomoni na ladha yake ya chuma. Tafadhali lishike jambo hili, kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyelishika siku ile: mkono uliokata ulikuwa wa kulia, tena kwa amri. Uliosakwa ni wa kushoto.

Jirani alikuja nyumbani alasiri. Alikuwa mama mrefu, mwenye mikono ya kutwanga, na alikuja na mchi wake begani kama askari. Bibi alikuwa uani anakaanga korosho kwenye karai kuukuu, mimi nimelala kifudifudi pembeni, maana makalio hayakukalika.

"Mtoe huyo shoto wako."

"Mtoto ameshachapwa," bibi akasema bila kugeuka.

"Kachapwa na mwalimu. Mimi sijamchapa."

Hakungoja jibu. Mchi ulinipata begani, na wa pili ungenipata kichwani kama bibi hakuingia katikati. Alimkamata jirani kwa kanga, wakavutana, wakaanguka wote wawili juu ya maganda ya korosho. Wanawake wazima, tena wanaoazimana chumvi, wanang'atana. Bibi alimvuta nywele. Jirani alimpiga ngumi ya mdomo, jino la bibi likatoka pamoja na damu na tambuu. Nyumba zilikuwa mlango kwa mlango, kwa hiyo watu walijaa upesi. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni bibi, bado ana meno mengine," na watu wakacheka. Ndipo wakaachanishwa.

Jirani alikaa palepale chini, kanga imechanika, akaanza kulia. Akasema maneno mabaya kuliko mchi.

"Mwanangu atachezwa vipi na mguu ule? Mwaka huu au ujao tunawaingiza ndani wasichana hawa. Wako hataingia na wangu. Nitapita nyumba kwa nyumba. Mkono ule ukiwa hai, hakuna atakayemcheza mjukuu wako."

Nikueleze uzito wake. Msichana asiyechezwa unyago kwetu hakuwa mtu kamili. Hakuitwa kwenye harusi, hakuitwa kwenye msiba, chakula chake hakikuliwa. Bibi angekufa akaniacha peke yangu katikati ya mistari ile ya nyumba, na sinia hata moja nisingelisogelea. Aliweza kuustahimili mchi. Hilo hakuliweza. Nilimwona akifuta damu mdomoni, akiwatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumsemea. Hakupata.

"Unataka nini?" akamuuliza jirani.

"Mkono huo ufe."

"Keti hapo. Usiondoke."

Kama umekulia mjini, korosho unaijua ikiwa nyeupe ndani ya pakiti. Hujui kwamba ganda lake lina mafuta meusi yanayochuna ngozi. Ndiyo maana anayebangua hupaka mikono majivu kwanza, na mtoto haruhusiwi kujifuta jasho usoni. Korosho zikikaangwa mafuta hayo hutoka, hushika moto, moshi wake hukausha koo, na mengine hukaa chini ya karai yakiwa mazito kama lami. Bibi alimwaga korosho pembeni. Akachana upindo wa kanga yake, akaubonyeza ndani ya karai mpaka ukawa mweusi.

"Nipe mkono, mke mwenzangu."

"Upi?" nikauliza. Nilikuwa sijawahi kuombwa ule.

Aliuchukua. Nilidhani atapaka kidogo tu, kama wazazi wengine walivyofanya, mafuta mabichi kwenye ncha za vidole, vikatoka malengelenge, mtoto akashindwa kuutumia kwa wiki moja. Lakini bibi alikuwa anawaonyesha watu. Alikizungusha kitambaa chote kwenye kiganja, kidole kwa kidole, kikiwa bado na moto, akakaza fundo kwa meno yaliyobaki. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilimpiga mateke, nikamng'ata bega, nikakojoa. Aliniminya katikati ya magoti yake na hakulegea.

"Inatosha, mama," jirani akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ulitaka ufe."

"Nimesema inatosha. Mfungue mtoto."

"Kaa chini," bibi akamwambia. "Tazama ulichokiomba."

Kitambaa kile kilifunguliwa kesho yake asubuhi, na ngozi ilitoka nacho.

Mganga wa zahanati aliutazama mkono, akautazama uso wa bibi uliovimba, akauliza nani aliyefanya. "Mimi," bibi akasema. Mganga akamuuliza kama yeye ni mzazi au ni mnyama. "Ni bibi yake," akajibu kwa upole, kana kwamba ameulizwa jina. Mganga akapaka dawa ya zambarau, akafunga kwa bendeji, akatoa amri moja kali: mkono huu usiguse maji mpaka aseme yeye.

Hapo ndipo bibi alipogundua kosa lake, na ni kosa ambalo ni watu kama sisi tu wangeweza kulifanya. Asubuhi iliyofuata nilichukua kopo la maji, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama.

"Bibi."

"Nini?"

"Nitatawaza kwa mkono upi?"

Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulisimama hewani. Wa kushoto haukutakiwa kugusa maji. Wa kulia ndio wa sinia, ndio aliounusuru kwa mwiko miaka yote ile, na akiuruhusu chooni basi hakuna tena mkono safi katika mwili wangu. Kisha akaweka ungo chini, akaja, akanipokonya kopo.

"Umeniweza, mke mwenzangu," akasema. "Chuchumaa."

Alinitawaza kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto kila siku, zaidi ya mwezi mzima, mimi msichana wa miaka kumi. Saa ya mapumziko alikuja mpaka shuleni na kopo lake, akapita katikati ya uwanja, watoto wakiimba kwamba Shoto amerudi kuwa kichanga. Bibi akawaitikia: "Kaimbeni na kwenu, nani aliwatawaza nyie, mvua?" Binti wa jirani, mguu wake umefungwa kama mkono wangu, alicheka na wenzake siku ya kwanza. Siku ya tatu alichechemea hadi nyuma ya vyoo, akasimama upande wa nje kutufukuzia watazamaji. Tuliporudi darasani alinibebea daftari.

Bendeji ilipoondolewa, vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku. Bibi alivinyoosha jioni baada ya jioni kwa mafuta ya ufuta, akivivuta kimoja kimoja huku nikilia na yeye akinihadithia mambo ya fisi na sungura, hadithi zilezile, akikosea makusudi ili nimsahihishe. Siku moja alifunga mlango, akaniletea muhogo na kisu. Nikanyoosha mkono wa kulia. Akanigonga mkono ule. Wa kulia, nakuambia.

"Mlango ukiwa wazi, fanya ya watu. Ukiwa umefungwa, mimi sina macho."

Nikamenya muhogo kwa mkono mwekundu usio na ngozi ya maana, polepole, kisu kikiniponyoka. Bibi alitazama ukutani mpaka nikamaliza.

Nilidhani sasa nimeshavuka. Lakini mkono hausahau, na mlango wa darasa ulikuwa wazi. Mwalimu aliniita ubaoni kufanya hesabu. Nilikuwa nimeanza kulipenda somo, jibu lilikuwa limeshanijia, nikakimbia, na kabla sijawaza chaki ilikuwa kushoto. Niliandika jibu lote. Lilikuwa sahihi.

"Bado tu?" mwalimu akasema. "Kunjua kiganja."

Bakora ya kwanza iliipasua ngozi mpya. Ya pili ilirusha damu kwenye shati lake la kazi. Nafikiri alishtuka, lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, na kijana mbele ya watu ni mfungwa kama mtoto. Akapiga ya tatu. Binti wa jirani akanyanyuka kwenye benchi bila ruhusa, akatoka mbio kwa mguu wake ule mbovu. Nilimwona dirishani akidunda kama kwale aliyevunjika bawa, akielekea nyumbani kwetu.

Bibi alikuja na mwiko wenye ugali bado. Hakubisha hodi. Mwalimu alikuwa na adabu, akaweka bakora mezani na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Sijui kama unaweza kuusikia ukimya ule. Kwetu hata adui yako akikuamkia unaitikia, kisha ndipo mgombane. Watoto arobaini tulikaa tukingoja marahaba, na haikuja.

"Nionyeshe mkono unaochapia," akasema.

"Bibi, tuzungumze nje."

"Nionyeshe."

Akauonyesha. Wa kulia, bila shaka. Bibi aliupiga kwa mwiko, kwa nguvu zote, juu ya mifupa ya kiganja, mpaka mwiko ukapasuka na ugali ukatapakaa mezani. Mwalimu akaukumbatia mkono wake kifuani. Baadaye tulisikia mfupa mmoja ulikuwa umevunjika.

"Mkono wa mtoto huyu niliuunguza mimi," bibi akasema. Hakupaza sauti. "Niliuunguza mbele za watu, basi na hili nalisema mbele za watu. Nilikosea. Kuanzia leo anayetaka kuugusa aanze na mimi."

Kisha akanishika kichwa, akanitoa nje.

Ofisi ya kijiji ilimpa adhabu ya kulima kipande cha shamba la kijiji peke yake, mama wa makamo yale, kwa kumpiga mtumishi. Nilikwenda naye. Tulipofika alinipima kwa macho, akanisogeza mpaka ukingo wa kushoto kabisa, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuruka, akasema, "Lima unavyolima." Jirani alikuja bila kuitwa, na jembe lake, akaingia upande wa pili wa bibi. Wakalima sambamba. Karibu na adhuhuri jirani akasema kwamba yeye atashika zamu ya kunifunda mimi na bintiye pamoja, msimu utakapofika, kama bibi hana neno. Bibi akaitikia, "Sina neno. Ila jino langu utanirudishia." Hapo ndipo nilipowasikia wakicheka tena.

Na mwalimu? Wiki sita alifundisha mkono wake ukiwa umefungwa, chaki akishika kwa kushoto. Maandishi yake yalilala kama nyasi zilizokanyagwa. Nasi hatukumcheka. Bakora haikurudi kwenye kiganja changu. Mimi mwenyewe nilikuja kuwa mwalimu, nikafundisha mpaka nikastaafu, na kila darasa nililolipokea nilitafuta kwanza wenye mashoto na kuwakalisha mwisho wa benchi upande wa kushoto, wapate pa kuweka kiwiko. Ni jambo dogo mno. Lingewezekana siku zote. Kama wewe ni mzazi au mwalimu, lifanye, hutajuta.

Kile kijiji kipo, lakini si kile. Nyumba ni za bati, mistari imepinda, korosho zinauzwa na maganda yake na hakuna mtoto anayejua kubangua. Chaki kushoto, chaki kulia, hakuna anayejali, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Wajukuu wangu hula kila mtu na sahani yake na kijiko chake. Sijawahi kuona vidole vyao vikikutana kwenye bonge moja, na siku nyingine, nisikudanganye, hilo hunitia upweke.

Bibi alikufa nikiwa na watoto wawili. Jirani, mzee sasa, ndiye aliyesimamia kuosha maiti pamoja na bintiye na mimi. Zile sehemu za kusitiriwa huoshwa chini ya shuka, kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mwoshaji. Jirani alikiloweka kitambaa, akakikamua, akatutazama sisi wawili. Halafu akanifunga mimi, taratibu, kidole kwa kidole, akauliza kama kimekaza sana. Nikasema hapana. Nikaingiza mkono chini ya shuka, nikamtawaza bibi yangu.